Mwenyewe yupo? Mwongozo kamili wa kuzifuata ala tano za mtu katika Upanishadi

Ukifika kwa watu ukakuta mlango uko wazi, unapiga hodi. Akitoka mtoto unamuuliza, "Mwenyewe yupo?" Akitoka mpangaji unamuuliza vilevile. Huanzi kujadili bei ya nyumba na kila unayemkuta ukumbini. Mwongozo huu ni wa kupiga hodi ya namna hiyo, ila nyumba unayoiendea ni wewe.

Mafundisho yenyewe yamo katika Taittiriya Upanishadi, maandiko ya Kisanskriti ya upande wa Yajurveda Nyeusi, tawi la Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu. Upanishadi hii ndiyo wasomi wengi huiweka karibu na karne ya 6 kabla ya Kristo. Humo mtu anaelezwa kwa tabaka tano: la chakula (annamaya), la pumzi (pranamaya), la moyo (manomaya), la utambuzi (vijnanamaya) na la furaha (anandamaya). Wafafanuzi wa Vedanta, falsafa iliyojengwa juu ya Upanishadi, waliokuja baadaye wakayazoesha jina la kosha, neno lenye maana ya kifuko, ghala, na pia ala ya upanga. Neno ala tunalo tangu zamani, la kisu na la jambia, nami nitalitumia hilo.

Mazoezi haya nimeyafanya kwa miaka kadhaa. Nayaandika kwa anayetaka kuyafanya, awe Mhindu au asiwe. Simwombi mtu ahame dini yake. Namwomba dakika ishirini za asubuhi, daftari, na wiki tano.

Kabla ya kukaa: maneno na mchoro

Anza na neno atma, jina la huyo tunayempigia hodi. Vitabu vingi hukimbilia kulifasiri kuwa roho, na hapo ndipo wengi hupotea. Roho kwetu ina kazi nyingi mno. Aliyekata roho amekata pumzi. Mwenye roho nzuri ana tabia nzuri. Mwenye roho ya kwa nini ana kijicho. Ukiambiwa "tafuta roho yako" hujui kama utafute pumzi, tabia au kitu cha tatu. Katika Kisanskriti atma hutumika pia kama kiwakilishi cha kawaida kabisa, kwa maana ya "mwenyewe", kama tunavyosema "nimejikata mwenyewe". Kwa hiyo mimi nafasiri hivyo: mwenyewe. Na Kiswahili kimetupa zawadi hapa, kwa sababu mwenyewe ni nafsi na papo hapo ni mwenye mali. Tattvabodha, kijitabu cha Vedanta kinachotumika kufundishia wanaoanza, kinajenga hoja yake juu ya jambo hilohilo: bangili yangu, hereni yangu, nyumba yangu, vyote najua si mimi kwa kuwa ni vyangu. Basi mwili wangu, pumzi yangu, moyo wangu, akili yangu, je?

Kisha achana na kitunguu. Ala hizi huchorwa sana kama duara tano, moja ndani ya nyingine, na mchoro huo ulinichelewesha. Nilikuwa nakaa nikijitahidi kuuacha mwili ili nifike kwenye pumzi, kana kwamba pumzi iko chumba cha pili. Upanishadi haisemi hivyo. Kila inapotaja tabaka la ndani, inasema kwamba la nje limejaa hilo la ndani, na kwamba la ndani nalo lina umbo la mtu. Mwili umejaa pumzi hadi kwenye kucha, na pumzi imejaa moyo. Mfano mzuri zaidi uko katika Chandogya Upanishadi, pale Uddalaka anapomwambia mwanawe Shvetaketu atie chumvi ndani ya maji usiku, asubuhi aitafute. Haionekani. Aonje juu, aonje katikati, aonje chini: chumvi.

Jambo la mwisho ni mwendo. Katha Upanishadi inasema mtu amtoe mwenyewe kutoka mwilini kama anavyochomoa ubua wa ndani wa nyasi ya munja, kwa subira. Aliyewahi kuchuna makuti ili apate chelewa za ufagio anaujua mkono huo. Ukipitisha kisu kwa pupa, chelewa inakatika. Ukikilaza kisu na kwenda taratibu, jani linaachia lenyewe.

Kazi ya daftari

Kazi hii inaenda wiki zote tano, na nimeitunga kwa ajili ya Kiswahili. Katika lugha yetu "mimi" mara nyingi ni herufi mbili tu zilizogandishwa kwenye kitenzi: ni-. Kila usiku andika sentensi tano ulizozisema mchana zenye ni- hiyo, kwa maneno yaleyale uliyoyatamka. Kando ya kila moja andika ala ambamo ni- ilikuwa imejificha. Nimenenepa: chakula. Nimeishiwa nguvu: pumzi. Nimekasirika: moyo. Nimeamua: utambuzi. Nimeburudika: furaha. Usijisahihishe, andika tu. Baada ya siku kumi utajua ni ukumbi gani unamokaa zaidi, na huenda sio ule uliodhani.

Wiki ya kwanza: ala ya chakula

Upanishadi inaanzia hapa bila kuona haya. Viumbe huzaliwa kwa chakula, huishi kwa chakula, mwisho huingia katika chakula. Neno anna lenyewe inalifafanua kwa pande mbili: huliwa, na huvila viumbe.

Chagua mlo mmoja, uleule kila siku. Zima simu na redio. Iangalie sahani kwa muda wa pumzi kumi kabla ya kugusa. Tuseme ni wali, maharage na mchicha. Shika tonge la kwanza na ulisindikize. Likiwa vidoleni ni wali. Likiwa ulimini bado ni wali. Ukilitema utaliita wali. Litafune mpaka liwe uji, limeze, lifuate kooni hadi pale hisia inapokoma, juu kidogo ya kifua. Hapo uliza: tonge hili litakuwa "mimi" lini? Siku ya kwanza swali linaonekana la kitoto. Kwangu lilianza kuuma siku ya tano, nilipoutazama mkono ulioshika tonge na kuona kwamba nao ni wali wa mwaka jana. Kuna wali ulioshikwa na wali unaoshika. Mwenye kusema "langu" yuko wapi hapo? Usijibu. Maliza kula.

Hadithi ya kuisoma wiki hii ni ya Shvetaketu huyohuyo. Aliondoka nyumbani akiwa na miaka 12, akarudi akiwa na 24, ameisoma Veda yote na kiburi juu. Baba yake akamwambia asile siku 15, anywe maji tu. Siku zilipotimia akamwambia asome aya. Hakuna hata moja iliyokuja. Uddalaka akamweleza: moto mkubwa ukibakiwa na kaa moja dogo kama kimulimuli, hauwezi kuunguza kitu kikubwa kuliko kaa hilo, lirundikie nyasi, utawaka tena. Kijana akala, akarudi, kila alichoulizwa akajibu. Moyo, akasema baba, umetokana na chakula.

Hadithi hiyo isikutie tamaa ya kufunga siku 15. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mama mjamzito au anayenyonyesha, wote wafanye zoezi kwa kula. Na wasio na tatizo lolote wafanye kwa kula pia. Utakachojifunza kwa kuangalia unavyokuwa mkali saa saba mchana kabla ya chakula kinatosha.

Wiki ya pili: ala ya pumzi

Hapa nitakuwa mfupi kwa kuwa zoezi lenyewe ni fupi. Kaa mgongo wima, kwenye kiti au mkekani. Funga macho. Usiivute pumzi wala kuizuia. Wenye presha au pumu nawasisitizia zaidi, kwa sababu mazoezi ya kuzuia pumzi yana walimu wake na hayafundishwi kwa maandishi. Iache iende yenyewe, na uangalie baridi ya hewa inapoingia puani na uvuguvugu wake inapotoka. Hesabu hadi kumi, rudi moja. Dakika kumi na tano.

Prana ni pana kuliko hewa. Mapokeo yanaigawa mara tano: prana ya kifuani, apana inayoshuka na kutoa uchafu, samana inayosaga chakula kitovuni, vyana iliyoenea viungo vyote, na udana inayopanda kooni, ambayo husemwa ndiyo humtoa mtu siku ya kufa. Huna haja ya kuzihisi zote. Angalia jambo moja tu: pumzi inaendelea bila ruhusa yako. Jana usiku ilikwenda saa zote za usingizi na hakuna aliyeisimamia. Piga hodi hapo. Utajibiwa kwamba kazi inaendelea, ila mwenyewe hayupo.

Wiki ya tatu: ala ya moyo

Manasi, chanzo cha neno manomaya, wengine huita akili. Nimechagua moyo kwa sababu ya jinsi tunavyosema: moyo wangu unataka, moyo umesita, sina moyo wa kwenda. Manasi ni kule kutaka na kusita. Ndiyo inayopokea habari za macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, kisha inayumba: niende nisiende, ninunue nisinunue. Kukata shauri si kazi yake.

Wiki hii wengi huacha, kwa sababu ukumbi huu una kelele. Kaa kama wiki iliyopita. Pumzi tatu tu na moyo umeshaondoka: yule mtu na ile meseji yake ya jana. Ukigundua umeondoka, usijilaumu wala usiifukuze meseji. Fanya mambo mawili. Litaje lililokuja kwa neno moja: hasira, hofu, kupanga, kukumbuka. Kisha uliza: nani ameiona hasira hii?

Nitakieleza kwa karibu nilichokiona, kwa sababu maelezo ya jumla hayasaidii hapa. Asubuhi moja nilikuwa na hasira ya kudhulumiwa fedha. Nilikaa nayo. Ilikuwa na mahali: ukanda wa joto chini ya mbavu, na taya limekaza. Ilikuwa na maneno, sentensi mbili zinazojirudia. Ilikuwa na mwendo: inapanda, inafika, inashuka kidogo, inapanda tena. Nikaifuata mara sita au saba. Mahali fulani katikati ya kushuka kwa mara ya saba ikanijia kwamba ninayeujua mwendo wake wote siwezi kuwa hiyo hasira, maana yenyewe ilipokuwa chini mimi nilikuwepo, na ilipopanda nilikuwepo. Haikuondoka. Niliamka nayo, nikaenda nayo kazini. Lakini niliiandika daftarini kwa namna nyingine: badala ya "nimekasirika" niliandika "kuna hasira". Ni- ilikuwa imetoka.

Usiilazimishe siku hiyo ifike. Na kama kinachokuja ukikaa ni kumbukumbu nzito, ya msiba au ya kuumizwa, fungua macho, simama, tembea, zungumza na mtu unayemwamini. Ala si mahali pa kujifungia peke yako na maumivu.

Wiki ya nne: ala ya utambuzi

Katika Katha Upanishadi Yama, mungu wa mauti, anamfundisha kijana Nachiketa kwa mfano wa gari la farasi. Hisia ni farasi, manasi ni hatamu, buddhi, yaani utambuzi unaoamua, ni mwendeshaji, na mwili ni gari. Atma ni mwenye gari, aliyekaa tu.

Zoezi: chagua uamuzi mmoja mdogo kwa siku na uutazame ukizaliwa. Uko dukani, mkono unaelekea kwenye soda. Moyo unasema chukua, moyo huohuo unasema acha. Halafu kuna kitu kinakata: "Basi, maji." Kipate hicho kilichokata. Ni chepesi sana, kama kufungua ngumi. Ndiyo buddhi.

Upanishadi inaichora ala hii, kama nyingine zote, kwa umbo la ndege: kichwa chake ni imani (shraddha), bawa la kulia ni haki ya mpangilio wa mambo (rita), bawa la kushoto ni ukweli (satya), kiwiliwili ni yoga, na mkia unaomweka sawa ni ukuu (mahas). Mimi hujipima kwa mabawa. Uamuzi wenye ukweli bila haki, kama kumwambia mtu aibu yake mbele ya watu, huruka upande.

Ala hii ndiyo inayomteka msomaji wa mambo ya dini kuliko nyingine. Hapa ni- husema "najua", "nimeelewa", na ni tamu. Shvetaketu alirudi nyumbani akiwa amekaa hapa. Ukiona umeanza kuwarekebisha watu nyumbani kuhusu ala zao, rudi wiki ya kwanza.

Wiki ya tano: ala ya furaha

Ndege wa ala hii kichwa chake ni priya, bawa la kulia moda, la kushoto pramoda. Shankara, mwanafalsafa mzaliwa wa Kaladi huko Kerala ambaye wengi humweka karne ya 8, alizieleza kama ngazi za furaha moja: ya kukiona ukipendacho, ya kukipata, na hiyohiyo ya kukipata ikikolea. Umekwenda stendi kumpokea mtu uliyemkosa miaka miwili. Unamwona akishuka basi: priya. Unamshika mkono: moda. Mmekaa kwenye mkeka usiku, chai imepoa, hakuna anayetaka kulala: pramoda. Zoezi la wiki hii ni kuisubiri furaha yoyote ndogo na kuziona ngazi hizo zikipita. Kisha angalia kinachotokea kwenye ngazi ya tatu: kutaka kumekoma. Kwa muda mfupi hakuna anayeomba chochote.

Mlango wa pili wa ala hii ni usingizi mzito. Ukiamka unasema, "Nimelala fofofo, sikujua kitu chochote, raha tupu." Hoja ya Vedanta inaanzia kwenye sentensi hiyo ya kila siku. Kama hukujua kitu, aliyejua kwamba hakujua kitu ni nani, na raha ameionja nani? Kwa hiyo asubuhi, kabla hujashika simu, kaa dakika mbili pale usingizi unapoishia. Mwili bado mzito, jina lako bado halijakujia vizuri. Sikiliza.

Je, hapo ndipo kwa mwenyewe? Hapa Wahindu wenyewe hawakubaliani, na kitabu kitakachokwambia "Wahindu wanaamini" kwa neno moja kimekupunja. Kwa Shankara hii bado ni ala: furaha inayokuja na kuondoka, iliyofunikwa na kutojua, na mwenyewe ni yule anayeishuhudia hata hiyo. Ramanuja, mwanafalsafa mwingine wa Vedanta, wa karne ya 11 na 12, alipinga; kwake yule wa furaha ni Brahman mwenyewe, yaani Mungu aliye chanzo cha vyote, mwenye furaha isiyo na kikomo, na nafsi ya mtu hubaki tofauti naye huku ikimtegemea kama mwili unavyomtegemea mwenye mwili. Mimi mazoezi yangu nimeyafanya kwa njia ya Shankara, na nimeyaandika hivyo. Lakini ukiwa mtu wa ibada na mapenzi kwa Mungu, njia ya Ramanuja itakukalia vizuri zaidi, na hutakuwa umekosea mlango.

Baada ya wiki tano

Kaa siku moja, saa nzima ukiweza, na upite ala zote kwa mfululizo, kwa kila moja ukitumia lugha ya kumiliki. Mwili wangu, unaonekana. Pumzi yangu, inaonekana. Moyo wangu, unaonekana. Uamuzi wangu, unaonekana. Furaha yangu, inaonekana. Usimtafute anayeona kama kitu cha sita cha kutazama. Ukimtazama tayari umemfanya kitu na wewe umekaa nyuma yake. Brihadaranyaka Upanishadi inamtaja kwa kukanusha, neti neti, si hivi, si hivi. Nyamaza hapo kwa kadiri utakavyoweza, hata kama ni nusu dakika.

Kisha soma sehemu ya tatu ya Taittiriya, habari za Bhrigu, maana yeye aliifanya safari hii kabla yetu. Alimwendea baba yake Varuna amfundishe Brahman. Baba hakumpa jibu, alimpa alama: ambako viumbe vyote hutoka, kwacho huishi, na humo huingia. Kitafute kwa juhudi. Bhrigu akajitahidi, akaona ni chakula, akarudi. Baba: jitahidi tena. Akaona ni pumzi, akarudi. Akaona ni moyo, akarudi. Utambuzi, akarudi. Mara ya tano akaona ni furaha, na safari hiyo maandiko hayasemi kwamba alirudi kuuliza.

Kinachofuata mara moja baada ya ugunduzi wake ndicho nilichokiruka nilipoisoma mara ya kwanza, nikadhani ni nyongeza tu. Ni viapo vya jikoni. Usikitukane chakula. Usikitupe chakula. Kizidishe chakula. Usimrudishe mgeni yeyote mlangoni. Na aliyezipita ala zote tano anasimuliwa akizunguka ulimwenguni akiimba: mimi ni chakula, mimi ni chakula, mimi ni chakula, mimi ni mlaji, mimi ni mlaji, mimi ni mlaji.

Kwa hiyo zoezi la mwisho ni hili. Siku utakayofunga daftari, pika zaidi ya mnachokula nyumbani, sufuria nzima, na mlango uuache wazi. Akija mtu, jirani au mpita njia, akasema hodi, usimwache asimame akiuliza mwenyewe yupo. Maandiko yametoa hata maneno ya kumpokelea: chakula chake kimeshaandaliwa.